Mchungaji, Utachafuka

“Usiposoma utalima.” Sidhani kuna mtoto wa rika langu aliyekulia vijijini kwetu ambaye hakuambiwa hivyo, na mara nyingi aliyeyasema maneno hayo alikuwa mzazi mwenye jembe mkononi. Shuleni somo lile lilikaziwa kwa vitendo: aliyechelewa namba alipewa tuta la kulima, aliyepiga kelele alichimba kisiki. Elimu ya Kujitegemea, tangu mwaka 1967, ilikusudia mtoto wa shule aiheshimu kazi ya mikono, lakini kwetu jembe liligeuzwa fimbo. Basi tukasoma kwa bidii, wengine tukafika chuo cha theolojia, na leo nina meza, kompyuta, muhuri na viti viwili vya wageni.

Siilalamikii ofisi. Mitaala haijiandiki yenyewe, na mwanafunzi asiyepata matokeo yake kwa wakati ana haki ya kunung’unika. Ila kazi hii haina mwisho. Kikao huzaa kikao, ripoti hurudi na maswali. Jioni mke wangu akiniuliza nimefanya nini leo, naweza kumwambia nimechoka. Kitu cha kumwonyesha sina.

Ndiyo maana naupenda msaragambo. Kwa msomaji asiyetoka Kilimanjaro, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, na kwetu iliyo kubwa ni kusafisha mfongo, yaani mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto hadi kwenye vihamba, kwenye migomba na kahawa. Wamisionari wa Leipzig walipofika mlimani mwaka 1893 waliikuta mifongo ikitiririka. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kupima mteremko kwa macho yao.

Mara ya kwanza nilipotokea na koleo, wazee walinitafutia kiti. “Mchungaji, utachafuka. Wewe tuombee tu, tuanze.” Nikaomba, kisha nikaingia mferejini. Tope lilifika magotini. Unachota tope, unakata mizizi, unatoa majani yaliyooza na chupa za plastiki (hizi ni za siku hizi), na mahali kingo zinapovuja unashindilia mawe, udongo na vipande vya mgomba. Kiganja changu kilitoka malengelenge kabla ya saa nne. Kisha mtu akapiga mbinja kutoka juu kwenye banio, tukasimama kimya kusubiri. Maji yakaja polepole, yakisukuma povu na majani makavu mbele yake, yakapita miguuni petu, yakaendelea kwa jirani. Hakuna aliyehitaji muhtasari wa kikao. Nilimshukuru Mungu siku ile kwa urahisi ambao ofisini huwa nautafuta sana.

Lakini mama mmoja tuliyekuwa tukichimba naye, mshiriki wa usharika wetu, aliniambia huku akinawa miguu: “Mchungaji, wewe unachimba kwa kupenda. Mimi nikiacha, wanangu hawali.”

Nilimjibu, “Ni kweli, mama,” maana sikuwa na la kuongeza. Sehemu ya utamu wangu inatokana na kujua kwamba Jumatatu nitarudi kwenye kiti na mshahara. Andreas Karlstadt, mwenzake Luther kule Wittenberg, aliuweka kando udaktari wake, akavaa nguo za mkulima huko Orlamünde na kutaka aitwe Ndugu Andreas tu. Luther hakupendezwa. Kwake fundi viatu, mhunzi, mkulima na mhubiri kila mmoja ana wito wake, na hakuna anayemkaribia Mungu zaidi kwa kubadili mavazi. Nakubaliana naye, ingawa yeye mwenyewe alilima bustani na kuagiza vifaa vya kukerezea mbao kutoka Nuremberg, akajifunza ufundi huo pamoja na mtumishi wake. Nadhani hata mikono yake ilichoshwa na kalamu. Paulo naye, alipokuwa Korintho kwa Akila na Prisila, alishona mahema kwa sababu alihitaji kula. Huyo mama angemwelewa upesi kuliko mimi.

Ninachoweza kufanya kwa ajili yake si kujifanya mkulima. Wanafunzi wetu watatumwa kwenye sharika za watu kama yeye, nao wamelelewa na jembe lilelile la adhabu. Hata kwetu chuoni, anayekiuka taratibu hupewa eneo la kufyeka. Nimepeleka hoja kwenye kamati ya nidhamu kwamba adhabu hiyo ifutwe, na kwamba siku ya kazi tutoke wote, walimu kwa wanafunzi. Mjumbe mmoja aliuliza, “Sasa tutawaadhibu kwa nini?” Mwingine alipendekeza, nusu kwa utani, wapewe kuandika muhtasari wa vikao. Tulicheka, hoja ikaahirishwa hadi kikao kijacho.