Ndege Weupe Wengi

Nimekulia Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga ya ule mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987. Mpunga ukianza kuzaa, sisi watoto tuliamshwa alfajiri tukawinge kwelea kwelea. Makopo, kombeo, kelele mpaka sauti ikauke. Kwangu mimi ndege walikuwa wa aina mbili tu: wanaokula mpunga na wasiokula.

Mwenye majina alikuwa Baba. Kabla ya kulima alivua Nyumba ya Mungu, lile bwawa lililojengwa miaka ya 1960 kusini mwetu, ambako maji ya Kikuletwa na Ruvu huingia. Sasa presha ya macho imemwachia mwanga na vivuli tu. Januari hii aliniomba nimpeleke. Tukakaa mwaloni, juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

“Unaona nini?”

“Ndege weupe, Baba. Wengi.”

Akacheka. “Na huko gazetini wanakulipa kwa hayo?”

Ilinichoma. Nikatoa darubini niliyoazima, nikaanza upya. Ni shakwe, nikamwambia. Mdomo mwekundu, miguu miekundu, mgongo wa kijivu, na kichwani kama wamevishwa kofia ya kijivu.

“Jicho?”

“Jeupe, limezungushiwa wekundu.”

“Huyo mwenyeji. Anazaa huku huku bara, wala hahitaji bahari.”

Wengine hawakuwa na kofia. Kichwa cheupe, kadoa tu nyuma ya jicho. Nikasema hawa ni aina nyingine. Baba akanikatiza. Kofia ni ya msimu wa kuzaa, ukiisha inafifia. “Usihesabu kofia, mwanangu. Hesabu ndege.”

Kisha nikamwona mmoja mkubwa, kasimama peke yake kwenye tope: mgongo mweusi kama masizi, miguu ya njano, mdomo wa njano wenye doa jekundu karibu na ncha. Baba alinyamaza kidogo.

“Mgeni huyo. Mvua za masika zikikolea humwoni tena.”

Usiku nilifungua kitabu cha ndege. Ni shakwe mgongo-mweusi, huzaliana kaskazini mwa Ulaya. Kiangazi chetu ndiyo baridi anayoikimbia. Akiwa mchanga ni wa kahawia madoadoa, na hadi mwaka wa nne hivi ndipo anapata rangi za ukubwani. Kumbe kundi la aina mbili tu linaweza kukudanganya ukahesabu tano.

Lakini kilichoninyima usingizi si shakwe. Kabla hatujaondoka, Baba alisikia sauti upande wa maji, akauliza, “Na wale wanaoshusha samaki, ni akina nani?”

Nilifungua mdomo niseme “wavuvi”, neno ambalo nimeliandika gazetini mara zisizo na idadi. Nikaufunga. Nikainua tena darubini.