Nyumba ya Mchungaji

Singida haina bahari. Ina maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, ambako heroe hushuka kwa makundi msimu wao ukifika, na mawe makubwa husimama kandokando kama watu wanaosubiri chombo. Chombo hakiji. Hata hivyo, kisa kimoja cha kanisa la mkoa huo kilitokea baharini, katikati ya Atlantiki ya kusini, mbali mno na mtama na uwele wa Wanyaturu. Na mtu aliyepaswa kukisimulia kwanza hakuwamo chomboni. Alikuwa nchi kavu, akingoja.

Mtu huyo ni Elmer Danielson, mchungaji aliyefika Tanganyika mwaka 1928. Alitumwa na Sinodi ya Augustana, kanisa la Kilutheri lililoasisiwa Marekani na wahamiaji kutoka Sweden. Shamba la kazi ya sinodi hiyo lilikuwa Iramba na Unyaturu, yaani sehemu kubwa ya mkoa wa Singida wa leo. Wajerumani wa Leipzig ndio waliolianza kabla ya Vita Kuu vya Kwanza; vita vikawaondoa, na katika miaka ya 1920 Wamarekani wakalipokea. Majina ya vituo vyao yangali vinywani mwa watu: Ruruma, Kinampanda, Kiomboi, Iambi. Kinampanda palifundishwa walimu. Kiomboi na Iambi palitibiwa wagonjwa. Danielson alifanya kazi katika nchi hii hadi mwaka 1968, na uzeeni akaandika kumbukumbu zake katika kitabu ambacho jina lake, likigeuzwa Kiswahili, ni Miaka Arobaini na Kristo Tanzania.

Jina hilo lastahili kutazamwa mara mbili. Miaka arobaini na Kristo. Hakusema miaka arobaini na mke wangu, wala na wanangu. Na hata kama angependa kusema hivyo, hesabu isingetimia. Haisemwi hapa kwa kumlaumu. Mchungaji yeyote anayehesabu miaka yake kwa uaminifu hukuta kwamba kuna iliyotumika nyumbani na kuna iliyotumika kanisani, na kwamba ya pili mara nyingi ilikopwa kutoka kwa ya kwanza, bila mkopeshaji kuulizwa.

Vita Kuu vya Pili vilipozuka mwaka 1939, serikali ya Waingereza iliwakamata wamisionari wa Kijerumani na kuwaweka kizuizini. Kwa ghafla, makanisa yao yote, tangu Kilimanjaro na Usambara hadi Uzaramo na nyanda za juu za kusini, yakabaki bila wale waliokuwa wakiyaongoza. Watu wa misheni wakayapa jina: misheni yatima. Wamarekani wachache wa Singida, chini ya mkuu wao George Anderson, wakapewa jukumu la kuyaangalia yote hayo. Waama, waliozishika sharika hizo mikononi, wakazika, wakabatiza na kufundisha watoto, walikuwa wachungaji na wainjilisti Waafrika ambao majina yao hayakuchapishwa kwenye majalada ya vitabu. Lakini Wamarekani nao walitawanyika, na kila aliyekwenda kulea yatima wa mbali aliacha wa kwake mahali fulani.

Danielson alikuwa Tanganyika. Mkewe, Lillian, alikuwa Marekani na watoto sita, mdogo kabisa bado wa kubebwa. Machi 1941 Bibi Lillian aliamua kumfuata mumewe. Njia ya bahari ilikuwa imejaa hatari, na meli zilizokubali kubeba abiria kuja Afrika zilihesabika. Iliyopatikana ilikuwa meli kuukuu ya Wamisri, iliyozoea kubeba mahujaji kwenda Makka. Iliitwa Zamzam.

Ilikuwa na abiria zaidi ya 200, wengi wao wamisionari wa madhehebu mbalimbali, wakiwamo kina mama na watoto wengi, pamoja na vijana waliojitolea kuendesha magari ya wagonjwa vitani. Iling'oa nanga New York, ikapita Trinidad na Brazil, ikashika njia ya Cape Town. Usiku ilisafiri taa zimezimwa, kama meli ya vita. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1941 manowari ya Kijerumani iliyojigeuza sura ya meli ya biashara, Atlantis, ikaidhania kuwa chombo cha Waingereza, ikaipiga makombora. Mashua kadhaa za kuokolea zilikuwa zimetobolewa. Zilipoteremshwa zikajaa maji. Bibi Lillian na watoto wake sita walijikuta baharini, wakielea kwa maboya yao, mama akijaribu kuwahesabu.

Hesabu ilitimia. Wajerumani walipotambua kosa lao waliwaokota abiria wote, wakawahamishia katika meli nyingine, Dresden, na baada ya majuma kadhaa ya kujificha baharini wakawashusha Ufaransa mwezi Mei. Kabla ya hapo habari za meli kupotea zilikuwa zimekwisha kuzagaa, na ndugu wa abiria wakaamini wamebaki peke yao. Miaka mingi baadaye, mwaka 2000, mmoja wa mabinti wa Danielson alikitoa kisa hicho kitabuni. Familia ilikuja kuwa pamoja tena. Kwa maana ya hadithi, basi, kisa kimekwisha vizuri.

Lakini jina la meli haliachi mambo yakaisha hapo. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa Zamzam ni nini. Ni kisima kilichobubujika chini ya miguu ya mtoto Ismaili, baada ya mama yake, Bi Hajara, kukimbia mara saba baina ya Safa na Marwa akitafuta maji. Katika mapokeo ya Kiislamu, Nabii Ibrahimu alipomwacha mkewe na mtoto katika bonde lile lisilo na mmea, Bi Hajara alimfuata akimuuliza, naye hakugeuka. Hata alipomuuliza kama ni Mungu aliyemwamuru kufanya hivyo, akajibu kuwa ndiye. Hapo yule mama akasema kwamba basi Mungu hatawatupa. Wakristo nao wanaye Hajiri wao katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, akitangatanga jangwani na kiriba kilichokwisha maji, akimweka mtoto kivulini na kuketi mbali ili asimwone akifa.

Wamisionari waliopanda Zamzam walilijua jangwa la Hajiri kwa sura na aya. Kama kuna aliyelioanisha na ubavu wa meli yake, haidhuru. Kisa kilijioanisha chenyewe: baba wa imani yuko mbali kwa amri ya Mungu, na mama yuko peke yake na watoto mahali pasipo na msaada, akihangaika. Tofauti ni kwamba jangwani kilichokosekana ni maji, na hapa yalikuwa mengi kupita kiasi.

Swali la Bi Hajara ndilo swali ambalo mke wa mchungaji yeyote amewahi kuliuliza, kwa sauti au kimoyomoyo: ni Mungu aliyekuamuru? Ugumu wa swali hili ni kwamba likijibiwa ndiyo, mjadala umefungwa. Mke hawezi kushindana na Mungu. Mchungaji mwenye dhamiri anajua hilo, na kwa sababu hiyo anapaswa kuiogopa ndiyo yake mwenyewe. Si kila barua ya uhamisho ni sauti iliyomwita Ibrahimu. Nyingine zimeandikwa na kamati. Na si kila jioni anayoitumia kwa watu wengine inatakiwa na Mungu. Nyingine inatakiwa na kiburi chake, kwa kuwa ni tamu kuitwa baba na watu mia tatu, kuliko kuitwa baba na sita wanaokuona ukikasirika kwa sababu ya viatu.

Maandiko hayampi njia rahisi. Upande mmoja Bwana wake anawaita watu waache nyumba na mama na baba na watoto. Upande wa pili Paulo, akimwandikia Timotheo, anasema asiyeweza kuisimamia nyumba yake hawezi kuliangalia kanisa la Mungu. Na katika kitabu cha Samweli yupo mzee Eli, kuhani mwaminifu wa hekalu, aliyewapoteza wanawe wawili humohumo hekaluni, karibu kabisa na madhabahu. Hakusafiri popote. Wachungaji wanaolalamikia safari wangefaa kumkumbuka, maana umbali hauhesabiwi kwa maili peke yake.

Mwenzake Danielson hakubahatika kama yeye. Ralph Hult, aliyepata kutumika Tanganyika tangu miaka ya 1920, alikuwamo katika Zamzam hiyohiyo, amewaacha nyumbani Missouri mkewe na watoto kumi. Aliokolewa, akarudi kwao, akawakumbatia. Kisha akaondoka tena, peke yake, na safari hii akafika. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1943. Mtu aliyeponyoka kwenye makombora na kilindi akaja kulala katika udongo wa pwani, na watoto kumi wakapokea habari. Binti yake Ingrid, aliyezaliwa Moshi mwaka 1926, aliandika baadaye jinsi ndugu hao kumi walivyoendelea kuishi. Kitabu kilitoka mwaka 1964, na jina lake linasema kwamba wamo njiani wakifurahi. Huenda ni kweli. Ingrid mwenyewe alikwenda kuwa mmisionari Cameroon, na kitabu chake hakina neno la kumshitaki baba. Hata hivyo, mtu akikiweka chini hubaki akifikiria mama yao, ambaye siku ile ya habari bila shaka alikuwa na uji wa watu wengi jikoni.

Hija imemtendea haki Bi Hajara. Kila mwaka mamilioni ya watu huenda mwendo wake baina ya vilima viwili, wanaume kwa wanawake, wafalme kwa makabwela. Imani ya Ibrahimu husimuliwa, ila kuhangaika kwa mkewe hutendwa kwa miguu. Kanisa la Singida halina ibada ya namna hiyo. Lina majina ya waanzilishi, lina kumbukumbu za kuwekwa mawe ya msingi, na tangu mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri, lina orodha ya viongozi wazalendo inayozidi kurefuka. Wake wamo pembeni mwa picha.

Nao wamerithi kitu kilekile, kwa namna nyingine. Watoto wa wamisionari walipelekwa bweni, katika shule ya Wamarekani iliyokuwa Kiomboi, wakiwa wadogo wa kutokwa machozi usiku. Watoto wa mchungaji Mnyiramba au Mnyaturu hawakupelekwa bweni la aina hiyo. Walibaki nyumbani, na nyumbani pakawa hadharani. Baba akihamishwa usharika, wanahama nao, wanaacha shamba la alizeti likiwa limeanza kuchanua na rafiki ambao hawatawaona tena. Wakicheka kanisani wanasemwa. Wakifeli shule, anayefeli ni baba. Mama yao hana jina lingine ila Mama Mchungaji, cheo kisicho na mshahara wala likizo. Yeye ndiye anayejua kwamba wageni wa jimbo ni saba na kuku waliobaki ni wawili.

Jumapili, ibada ikimalizika, sadaka za mazao hutolewa nje na mnada huanza: kuku wa kienyeji waliofungwa miguu, mayai, debe la mtama, vitunguu. Watu huchekeshana, hupandishiana bei, aliyenunua jogoo humrudisha auzwe tena kwa utukufu wa Mungu. Ni saa nzuri kuliko zote za juma, na mchungaji mwenye kanzu nyeusi husimama katikati akipeana mikono. Kila mtu ana neno naye: ndoa iliyovunjika, mgonjwa wa kwenda kumwona Iambi, mwana aliyekwenda mjini na hapigi simu. Mtoto wake mdogo naye amesimama nyuma, ameshika pindo la kanzu, ana neno. Anasubiri zamu yake kwa adabu, kama alivyofundishwa, mpaka usingizi unamchukua na dada yake anakuja kumbeba.

Usiku chakula kimeandaliwa mkekani. Ugali wa uwele, mlenda, na bakuli moja la nyama kwa sababu ni Jumapili. Baba amenawa. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi wapo wote, na mkubwa ameanza kusimulia jambo la shuleni lenye kuchekesha. Mlangoni sauti ya mzee inabisha hodi, mara moja, kwa unyenyekevu wa mtu ambaye ametembea mbali.

Mama anamtazama mumewe. Msimulizi amenyamaza na tonge mkononi. Hodi inarudiwa.