Gitaa na Jina Lake

Jina jema ni mali, lakini si kila kilichoandikwa jina jema kina mali ndani yake. Sokoni, kitu chenye jina kubwa hununuliwa kwa jicho kabla hakijajaribiwa kwa mkono, na kitu kisicho na jina hupitwa kama mwombaji mlangoni. Vijana huniuliza mara kwa mara, "Mwalimu, ni gitaa gani la umeme lililo bora kuliko yote?" Swali ni fupi, lakini jawabu lake ni refu, maana ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa katika kitita kimoja: uzuri wa sauti, wepesi wa kupigika, na thamani ya fedha inayolipwa. Nakuomba, msomaji, tukifungue kitita hiki pamoja.

Mimi nakaa Habaswein, katika kaunti ya Wajir, kwenye njia itokayo Garissa kwenda mji wa Wajir. Jina la mji wetu ni la Kisomali, na maana yake ni vumbi jingi. Aliyeupa mji jina hilo hakusema uongo. Huenda ukastaajabu kwamba mtu wa nchi ya ngamia na visima ana neno la kusema juu ya gitaa la umeme. Usistaajabu. Wasomali ni taifa la washairi, na shairi likisha kutungwa hutafuta ala ya kufuatana nayo. Ala yetu ya zamani ni kaban, ambayo watu wa pwani huiita udi. Abdullahi Qarshe, anayehesabiwa na wengi kuwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, naye ndiye aliyeutia udi katika nyimbo zetu hata ukawa kama mwenyeji. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, bendi za Mogadishu kama Iftin na Dur-Dur zilipiga magitaa ya umeme, na sauti zao zilivuka mpaka kwa redio na kanda, zikafika mpaka kwetu.

Nina mpwa wangu, mwana wa dada yangu. Yeye huniita abti, nami humwita abti vile vile, kama ilivyo desturi yetu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo pasipo mvua ya kutosha, na mizoga ya ng'ombe na mbuzi ilitapakaa kandokando ya njia. Katika fungu lake la mifugo, mpwa wangu alibakiwa na mbuzi kumi na wanne. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kikundi kimoja cha wapigaji wa harusi huko Garissa kilikubali kumpokea, kwa sharti kwamba aje na gitaa lake mwenyewe. Akaja kwangu na shauri alilokwisha kulikata: atauza mbuzi wote, akope na fedha nyingine juu yake, anunue gitaa lenye jina kubwa la Marekani. "Abti," aliniambia, "jina lile likionekana harusini, nitaitwa kila mahali." Mama yake alisikia, akasema kwa utulivu, "Mbuzi huzaa. Gitaa halizai." Basi unaona, msomaji, kwamba kwetu swali la gitaa lililo bora halikuwa mchezo wa wavivu. Lilikuwa swali la mali yote ya kijana mmoja.

Nilianza kwa kumweleza gitaa la umeme ni nini, maana asiyejua kitu kilivyo hawezi kujua bei yake. Gitaa la kawaida lina tumbo tupu linaloikuza sauti. Gitaa la umeme aghalabu ni kipande cha mti kisicho na tumbo. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule, ukapita hata kwenye amplifaya, nayo huukuza ukawa sauti. Kwa hiyo mambo makuu ni haya: uzi, sumaku, shingo iliyonyooka, na amplifaya. Jina lililoandikwa kichwani halipitishi umeme wowote.

Hata hivyo majina yale makubwa hayakuokotwa njiani. Gitaa la umeme lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1932 na kampuni iliyojulikana baadaye kwa jina la Rickenbacker. Mwaka 1950 Leo Fender, fundi wa redio wa California, alitoa gitaa la mti mtupu ambalo tangu 1951 huitwa Telecaster, na mwaka 1954 akatoa Stratocaster. Gibson, kampuni kongwe iliyoanzishwa Kalamazoo mwaka 1902, ilijibu kwa gitaa la Les Paul mwaka 1952. Karibu kila gitaa la umeme unaloliona leo dukani ni mtoto au mjukuu wa hayo. Wajapani walipoingia katika kazi hii, baadhi yao walianza kwa kuiga. Mwaka 1977 wenye Gibson walipeleka madai mahakamani juu ya magitaa ya Ibanez, kwa sababu kichwa chake kilifanana mno na chao. Lakini mwigaji mwenye bidii huwa fundi. Ibanez ikabuni maumbo yake yenyewe, na Yamaha, ambayo asili yake ni utengenezaji wa vinanda tangu mwaka 1887, ikatoa gitaa la Pacifica mwaka 1990. Wamarekani nao wakaona faida ya kuwa na mlango wa watu wa kipato kidogo: Fender hutumia jina la Squier tangu 1982, na Gibson hutumia jina la Epiphone, kampuni iliyoingia mikononi mwa wenye Gibson mwaka 1957. Mengi ya magitaa haya ya bei nafuu hutengenezwa China na Indonesia.

Sasa tuyapime. Kwa sauti, gitaa la namna ya Stratocaster lina sumaku za waya mmoja. Sauti yake ni safi na kali, hukata kelele za harusi kama kisu kipya. Lakini sumaku hizo hunasa pia mngurumo wa umeme wa nyumba. Gitaa la Les Paul tangu mwaka 1957 lina sumaku za waya pacha, zilizobuniwa na Seth Lover: waya mbili huzungushwa kinyume, kila moja ikaufuta mngurumo wa mwenzake, na sauti hutoka nene na tulivu. Pacifica ya kawaida huchanganya zote mbili, sumaku mbili za waya mmoja na moja ya waya pacha, ili mpigaji achague kwa kidole.

Kwa wepesi wa kupigika, tazama urefu wa uzi. Katika Fender ni milimita 648, na katika Gibson ni 628 hivi. Tofauti ni ndogo kama upana wa kidole gumba, lakini uzi mrefu huhitaji kukazwa zaidi ili utoe sauti ile ile, kwa hiyo ule mfupi ni laini zaidi chini ya kidole. Ibanez hupendwa na wenye haraka kwa wembamba wa shingo yake. Uzito nao si jambo la kudharau. Les Paul huweza kufika kilo nne na zaidi, na harusi zetu hazina haraka ya kwisha.

Kwa thamani, tulihesabu kwa mbuzi. Kwa bei za siku zile, Pacifica au Squier ilikuwa mbuzi wanne au watano. Fender iliyotengenezwa Marekani ilikuwa zaidi ya mbuzi ishirini, nao hata mpwa wangu hakuwa nao.

Maneno peke yake hayamshindi kijana. Rafiki yangu mmoja wa Garissa, mpigaji wa siku nyingi, alikubali kuja na Stratocaster yake ya Marekani, na Squier ya mwanawe. Mwalimu mwenzangu alitoa Pacifica. Tulitundika shuka katikati ya chumba, rafiki yangu akapiga nyuma yake wimbo mmoja kwa kila gitaa, kwa amplifaya moja, na mpwa wangu akaketi hatua kumi na mbili mbali. Alitakiwa aitaje ya Marekani. Katika mizunguko mitano aliipata mara mbili tu, na mara mbili aliitaja Pacifica kwa furaha kubwa. Kisha tulimfunga macho, tukampa kila gitaa mkononi. Hapo hakukosea. Shingo ya lile la Marekani ilikuwa imelainishwa kingo, vijiti vya chuma havikukwaruza, na uzi ulipovutwa ulirudi mahali pake bila kupoteza sauti. Kwa hiyo nakuambia, msomaji, lililo kweli: gitaa la bei kubwa ni bora kwa hakika, lakini ubora wake hukaa zaidi katika mkono wa mpigaji kuliko katika sikio la msikilizaji. Bingwa anayepiga kila usiku ana haki ya kuulipia. Anayeanza hulipia starehe ambayo mkono wake bado haujajifunza kuihisi.

Liko jambo jingine ambalo matangazo ya biashara hayalitaji, nalo ni nchi utakamokaa na gitaa. Mombasa, hewa ya chumvi hula nyuzi. Habaswein, ukavu huufanya mti kunywea, na ncha za vijiti vya chuma zikatokeza pembeni mwa shingo kama miiba. Vumbi huingia katika vifundo vya kupunguza na kuongeza sauti, vikatatarika. Kwa sababu hiyo gitaa lenye shingo imara na vipuri vinavyopatikana Nairobi ni bora kwetu kuliko lenye sifa tele na vipuri vya ng'ambo. Usilisahau sanduku lake, wala usilibebe juu ya basi katika jua. Tena umeme wa Kenya ni volti 240. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120, na ukiichomeka ukutani bila kifaa cha kupunguza nguvu, wimbo wake wa kwanza utakuwa wa mwisho.

Nikamkumbusha pia habari ya mwenzake mmoja, aliyeuziwa katika mji mkubwa gitaa lenye jina la kifahari kwa bei ya mbuzi watatu. Baada ya miezi miwili shingo ilipinda, na herufi zilibanduka kwa jasho. Jina lilikwisha kabla ya deni. Ukiona bei haifanani na jina, amini bei.

Na majina ya wapigaji wetu yalitoka wapi? Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyewatumbuiza askari wa Afrika Mashariki huko Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, hukumbukwa hata leo. Muulize mzee yeyote anayewapenda walipiga gitaa la kampuni gani. Ataimba wimbo, wala hatataja kampuni.

Mpwa wangu aliuza mbuzi sita. Wanne walinunua Pacifica iliyokwisha kutumika, na wawili wakanunua amplifaya ndogo, waya, na nyuzi za akiba. Wanane walibaki kwa mama yake, na mvua ziliporudi mwaka 2023 walianza kuzaa. Naye anapiga Garissa. Hajawa mashuhuri, lakini ujira wa harusi humlisha, na mara kwa mara hutuma kitu nyumbani. Mama yake hajabadili neno lake kwamba gitaa halizai, ila siku hizi hulisema akitabasamu, huku fedha zikiwa mkononi.

Wewe, msomaji, yumkini hutanunua gitaa kamwe. Utanunua baiskeli, cherehani, simu au kiwanja, na katika kila soko utalikuta jina limetangulia mlangoni likikukaribisha. Lisalimu kwa heshima, maana huenda lilipatikana kwa jasho la mafundi. Kisha lipite, uingie ndani, ukiguse kitu chenyewe. Uliza kitafanya kazi gani, katika nchi gani, mikononi mwa nani, na nini kitabaki nyumbani baada ya kukilipia. Kitu kikiyajibu maswali hayo manne, kichukue, kiwe na jina au kisiwe nalo. Jina litakalokosekana, mikono yako inaweza kukitilia.