Mwanangu Bado Yu Hai



Hapa Kamina nawafundisha vijana wa kwaya kupiga gitaa na ngoma. Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, niliwapeleka hospitalini. Tuliingia wodini tumevaa sare, ngoma ikitangulia, tukaanza na wimbo tuujuao kuliko zote. Mama mmoja, ambaye mwanawe hakuwa amefumbua macho tangu asubuhi, alisimama, akasema kwa upole: «Wanangu, nyamazeni. Mwanangu bado yu hai.»

Ndipo nilipokumbuka mahali tulipozoea kuuimba wimbo ule: kilioni.

Kosa halikuwa la wanafunzi. Niliwafundisha sauti na mapigo. Sikuwafundisha kumjali asikilizaye. Asiyeupenda wimbo kanisani aweza kutoka nje, bali mgonjwa aliyefungwa dripu mkononi hana pa kwenda.

Mji wetu wajua uzito wa jambo hili. Mwaka 1958, Padre Guido Haazen, Mfransisko, na waimbaji wake waliimba hapa Kamina Misa iitwayo Missa Luba. Kyrie yake ilitungwa kwa mtindo wa kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Maombolezo yale yalipata mahali pake: yakawa sala ya kumwomba Mungu huruma. Sisi tuliyapeleka kitandani pa mtoto wa watu, bila kumwuliza yeyote.

Tukaanza upya. Kwa majuma manne hakuna aliyebeba chombo cha muziki. Kila mwanafunzi alimwona kwanza muuguzi, ajue nani amelala na nani ana maumivu makali. Kisha aliketi karibu na mgonjwa, akamsalimu, akamwuliza kama angependa wimbo, na wimbo gani. Baadaye gitaa likarudi. Ngoma ikabaki nyumbani. Niliwafundisha kupunguza mwendo kwa kufuata pumzi za mgonjwa, na kunyamaza mara daktari aingiapo.

Tuliporudi na magitaa, mama yule alikuwapo bado, na mwanawe ameketi. Mdogo wetu kuliko wote akamwuliza kama angependa wimbo. «Leo hapana,» akajibu. Mwanafunzi akaliweka gitaa chini ya kitanda, akaenda kuwatekea maji. Aliporudi, mama alimsogezea nafasi kwenye mkeka. Kitandani pale hatukuimba siku ile, lakini nilirudi nyumbani na furaha ambayo tarehe 11 Februari sikuipata.

Daudi alimpigia Sauli kinubi baada ya kuitwa. Naye Bwana wetu alifundisha kwamba amtembeleaye mgonjwa amemtembelea Yeye. Hakutaja sare wala ngoma.

Tujiulize kikundini: katika parokia yetu, ni nani tuliyemhudumia bila kumwuliza anachohitaji? Na tukimwuliza, tu tayari kuambiwa hapana, nasi tukabaki naye?