Nilimdhania vibaya mpwa wangu kwa ajili ya betri

Yapata miaka saba sasa tangu mimi na mke wangu tuanze kuuza kanzu, khanga na vitambaa katika minada ya Magu, Misungwi na Sengerema. Makazi yetu yako Buzuruga, si mbali na stendi ya mabasi, lakini kwa siku tatu za kila wiki nyumba yetu ni Hiace kuukuu ya mwaka 1995. Viti vya nyuma tuliving'oa, tukaweka kitanda cha mbao, masanduku ya bidhaa chini yake na dumu la maji ya udhu kando ya mlango. Usiku ukitukuta mnadani, humo ndimo tunamoswali, tunamokula na kulala.

Nyumba haikosi taa. Aliyetufungia taa hizo ni mtoto wa dada yangu wa Igoma, kijana aliyejifunza umeme wa magari katika gereji moja huko Nyakato. Aliweka betri ya pili nyuma ya gari kwa ajili ya taa, feni na simu. Akaiunganisha na betri ya mbele kwa rilei, yaani swichi inayozikutanisha betri hizo injini inapowaka na kuzitenganisha injini inapozimwa. Kwa njia hiyo, betri ya nyuma huchajiwa safarini, na matumizi ya usiku hayaigusi ile ya kuwashia gari.

Kwa miezi minne hatukuona kasoro. Kisha, mwezi wa Shaaban ukielekea ukingoni, taa zikaanza kufifia mapema, na kabla ya saa nne usiku feni ilikuwa imesimama. Mke wangu akawa anachomeka simu na taa yake kwenye tundu la mbele la gari. Alfajiri moja tukiwa Sengerema, gari likagoma kuwaka kabisa. Vijana wa mnadani walitusukuma, nasi tukarudi nyumbani tukiwa tumechoka na biashara ya siku hiyo imepotea.

Nilijiuliza: betri mpya inakufaje ndani ya miezi minne? Mimi ndiye niliyempa kijana shilingi laki mbili na nusu akainunue, na risiti sikuiona. Nikampigia simu.

"Mjomba, kabla ya kuilaumu betri, kagua waya wa bodi," aliniambia. "Mara nyingi hitilafu huwa pale."

"Usinifundishe," nikamjibu. "Niambie, fedha yangu ilinunua betri ya namna gani?"

Alinyamaza. Sikuishia hapo. Nilimwambia dada yangu kwamba mwanawe amekula fedha na kuniwekea betri iliyokwisha tumika. "Kaka, una hakika?" aliniuliza. Nikasema ninayo. Jioni ile ile nikayarudia maneno hayo mbele ya mwenye gereji. Tangu siku hiyo kijana hakukabidhiwa tena fedha ya mteja yeyote. Baada ya wiki mbili alifungasha vyombo vyake akahamia Katoro, mkoani Geita.

Nilinunua betri nyingine kwa mkono wangu mwenyewe. Safari mbili tu, taa zikafifia vilevile.

Hapo ndipo nilipompelekea gari fundi mmoja mtu mzima. Hakugusa spana, alichukua mita ya kupimia umeme. Alinieleza kwamba betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6, na ikishuka chini ya 12 imekaribia kuisha. Injini ikiwa inaunguruma, katika magari mengi ya zamani inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4, na hiyo ndiyo dalili kwamba inachajiwa. Aliwasha gari. Betri ya mbele ikasoma 14.1. Ya nyuma ikasoma 12.3.

"Betri yako haina ugonjwa, ina njaa," alisema. "Volti 1.8 zinapotelea njiani. Umeme wa gari huenda kwa waya wa chanya, ukarudi kwa bati la bodi. Tutazame unapotelea wakati wa kwenda au wa kurudi."

Akaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri ya mbele na nyingine kwenye chanya ya nyuma: 0.2. Akahamia kwenye hasi mbili: 1.6. Basi hasara karibu yote ilikuwa katika njia ya kurudia. Tuliinua godoro, akazima injini, akafungua boliti inayoushika waya wa hasi sakafuni. Chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi ya mafuta, ya kijani, bado inang'aa.

"Nani alipaka rangi hapa?" aliuliza.

Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa nimeipaka mimi, mwezi ule ule wa Shaaban, ili gari letu lipendeze kabla ya Ramadhani. Nilifungua boliti ile, nikapaka, nikairudisha juu ya rangi, nami sikujua kwamba rangi huzuia umeme. Fundi alipoikwangua, chini yake palitokea duara la bati lililosuguliwa vizuri kwa msasa. Hiyo ilikuwa kazi ya mpwa wangu. Akalisugua upya, akakaza boliti, akapaka grisi kwa juu kuzuia kutu. Betri ya nyuma ikasoma 13.8. Kazi nzima haikufika nusu saa. Ile betri ya kwanza, niliyoitupa stoo, tuliichaji, nayo inafanya kazi hadi leo.

Ndugu msomaji, Suratul Hujurat nimeisoma tangu utotoni, na aya ya 12 inayokataza dhana na kusengenyana naijua kwa moyo. Langu lilikuwa zito kuliko kusengenya, kwa kuwa jambo lisilokuwepo, ukimsingizia mtu, ni buhtani. Nilianza kwa dada yangu, kisha kwa mwenye gereji, mbele ya mafundi wale wale walionisikia. Halafu mimi na mke wangu tukavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Katoro.

Kijana alitupokea kwa adabu. Nilipomaliza kusema, alikaa kimya kitambo. "Nimekusamehe, mjomba," alisema, "lakini Nyakato sirudi." Kisha akaomba mita, akaingia ndani ya gari, akainua godoro na kuipima ile boliti mwenyewe kabla ya kunywa chai.

Kwa wenye magari ya zamani, nunueni mita. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya betri. Pimeni betri injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka, na kagueni waya wa bodi kabla ya kununua chochote. Mkitaka kufungua nyaya za betri, tangulizeni hasi, na mnapofunga iwe ya mwisho. Na kwa sisi wenye watoto wa ndugu zetu mikononi, kijana akituambia "kagua pale," tukakague. Dada yangu hadi leo anamngoja mwanawe arudi Igoma, nami kila swala namwombea.