Saa ya Akili

Nilipoletwa Karatu bibi arusi kutoka Unguja, kilichonishangaza hakikuwa baridi, wala ukungu ushukao asubuhi kutoka msitu wa Ngorongoro ukayafunika mashamba ya kahawa hadi ukingo wa lami. Hayo nilikuwa nimekwisha kuonywa. Kilichonishangaza ni sauti ya mama mkwe wangu alipokuwa akizungumza na majirani zake. Ndani ya Kiiraqw chake niliisikia ain, nikaisikia ha nzito itokayo kooni, nikaisikia qaf, ambayo imo hata katika jina lenyewe la Wairaqw. Herufi zile zile ambazo mwalimu wetu wa chuoni, kule Ng'ambo, alitushikia bakora mpaka zikatutoka sawasawa. Nao Wairaqw hawakuzipata kwa Waarabu. Lugha yao ni ya Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali. Nikajiambia moyoni kwamba mtoto nitakayemzaa hapa atazipata bure, bila ya bakora, kutoka kwa bibi yake.

Alipofikia miaka miwili na miezi mitatu, binti yangu alikuwa na maneno matano. Nilikuwa nimeyahesabu. Hapakuwa na ain ndani yake, wala hapakuwa na neno "bibi".

Naomba msomaji aielewe nyumba yetu ilivyokuwa. Mume wangu ni dereva wa watalii. Akipita lango la Lodoare asubuhi na wageni wake huenda asirudi ila baada ya siku tano au sita, kwani Ngorongoro huungana na Serengeti na safari haina mwisho mpaka fedha ya mgeni iishe. Mimi hutunza hesabu katika hoteli moja ya mji huu. Nyumbani hubaki dada wa kazi, msichana mwenyewe bado mdogo, mwenye nguo za kufua, makande ya kuinjika na ua wa kufagia. Mama mkwe wakati huo alikuwa akikaa shambani kwake, Rhotia, akija kwetu siku za mnada tu. Ukutani palikuwa na televisheni kubwa tuliyoinunua kwa majivuno. Ikawashwa asubuhi kwa katuni za kigeni, zinazopiga kelele na kubadili picha kabla jicho halijatua. Ikazimwa usiku mtoto alipokwisha kulala kwa kilio. Dada alikuwa akimweka mtoto hapo ili apate kufanya kazi. Nilijua. Zaidi ya kujua, nilipenda, kwa sababu mtoto alitulia.

Muuguzi wa kliniki alimpima masikio akayakuta salama. Kisha akaniuliza: "Mama, anaangalia TV saa ngapi kwa siku?" Nikamjibu kuwa ni saa mbili. Nilisema uongo. Kwa hesabu ya kweli hazikupungua nane, na mimi hesabu ndiyo kazi yangu. Muuguzi hakusema kwamba televisheni ndiyo iliyomfunga mtoto ulimi, na wala mimi sisemi hivyo hapa. Wapo watoto wanaochelewa kusema katika nyumba zisizo na umeme. Alisema neno moja tu: "Ongeeni naye."

Usiku ule nilijiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza. Mbona mimi nilikua na televisheni nami nikasema mapema? Sisi wa visiwani tuna majivuno yetu katika jambo hili: Televisheni Zanzibar ilianza kurusha picha, tena za rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali wenzetu wa Bara walisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vikafungua njia. Mtaani kwetu seti ilikuwa moja, katika nyumba ya jirani. Jioni mkeka ukitandikwa, watoto tukiingia na miguu iliyooshwa, na kabla ya kipindi kuanza kioo kilisimamisha ile mistari ya rangi nasi tukaitazama kwa adabu kama inasema kitu. Watu wazima walikaa nyuma yetu wakieleza, wakibisha, wakicheka. Ikifika saa yake, kituo kilifunga. Kulikuwa na kufunguliwa na kufungwa, na katikati yake kulikuwa na watu. Televisheni niliyomwekea mwanangu haikuwa na mlango.

Nikaanza kusoma. Nilikuta kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Aprili 2019, halipendekezi kioo chochote kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili hadi minne linaweka ukomo wa saa moja kwa siku, tena likaongeza kuwa pungufu ya hapo ni bora. Nikasoma pia juu ya jaribio la mwaka 2011 lililofanywa Marekani na Angeline Lillard na Jennifer Peterson, walipowagawa watoto sitini wa miaka minne: wengine wakatazama katuni ya mbio kwa dakika tisa, wengine kipindi cha mafunzo cha mwendo wa pole, wengine wakapewa kalamu za rangi wachore. Baada ya dakika hizo tisa tu, wale wa katuni ya mbio walishindwa na wenzao katika kazi za kujizuia, kusubiri na kufikiri. Dakika tisa! Nami nilikuwa nikimpa mwanangu saa nane.

Lakini lililonikaa zaidi ni la Patricia Kuhl, la mwaka 2003. Watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa walikutanishwa na watu wanaozungumza Kichina mara kumi na mbili, wakichezewa na kusomewa. Baadaye waliweza kuzipambanua sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakina. Kundi jingine likaonyeshwa watu hao hao, maneno hayo hayo, lakini katika televisheni. Hawa hawakupata kitu. Niliposoma hayo nilimkumbuka mama mkwe na ain yake. Sauti ya kooni haipiti kiooni. Huhitaji mtu, uso wake, pumzi yake, na mkono wake ulioshika kikombe.

Basi ningeliweza kuivunja ile seti, na wapo marafiki walionishauri hivyo. Sikuivunja, na sababu yake ni Akili.

*Akili and Me* hutengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, ambao mwaka 2014 walianza na *Ubongo Kids* kwa watoto wa skuli, kisha wakawageukia wadogo. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro. Usiku akilala huingia nchi ya Lala, na huko, pamoja na rafiki zake wanyama, hujifunza herufi, namba na kuchora. Picha zake si za mbio. Jambo moja husemwa, likarudiwa, likaimbwa. Tena Akili huuliza swali kisha akanyamaza, akamsubiri mtoto ajibu. Mtu mzima aliyezoea kelele huona kimya kile kama hitilafu ya mitambo. Mtoto huona amekaribishwa.

Mbinu hiyo ina wazee wake. Fred Rogers, tangu mwaka 1968 hadi 2001, aliingia nyumbani kwake mbele ya watoto wa Marekani kwa namna ile ile: akivua koti, akivaa sweta, akibadili viatu, akizungumza polepole kana kwamba hakuna anayemngoja nje. Na utafiti wa Dina Borzekowski uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwakuta watoto wa skuli za awali waliotazama Akili wamewapita wenzao waliotazama vipindi vingine katika kuchora, kujua maumbo, kutambua namba, kuhesabu na maneno ya Kiingereza. Hao walikuwa wakubwa kuliko binti yangu, nami sikutaka Kiingereza. Nilitaka ule mwendo.

Tuliiwekea sheria. Mama mkwe akahamia kwetu, na hilo, naungama, lilikuwa jambo kubwa kuliko televisheni zote. Vipindi tukaviweka katika flashi. Saa kumi na mbili na nusu jioni mtoto amekwisha kuogeshwa na kula, kigoda cha bibi kinavutwa, mtoto anapakatwa, flashi inachomekwa. Kipindi kimoja, basi. Akili akilala kuingia Lala, nasi tunajua kinachofuata: kikombe cha maziwa, mswaki, kitanda. Siku kumi za mwanzo zilikuwa kilio kitupu kila seti ilipozimwa, na dada wa kazi alinitazama kama mwendawazimu. Siku ya kumi na mbili au kumi na tatu mtoto aliichomoa flashi mwenyewe, akampa bibi yake, akaenda kusimama penye mswaki.

Bibi naye hakuwa mtazamaji wa kimya. Akili alipouliza huyu ni mnyama gani, bibi alimjibu kwa Kiiraqw, kwa sauti ya mtu anayezungumza ng'ambo ya korongo. Aliwakosoa wanyama. Alisema kiboko hachezi namna ile, na kwamba simba asiye na njaa ni hadithi ya watu wa mjini. Mtoto alimgeukia, akautazama mdomo wake. Nami niliyaona hayo nikiwa mlangoni na simu mkononi, nikipita kwenda jikoni, nikirudi, nikipita tena. Kwa muda mrefu nilidhani kazi yangu imekwisha kwa kuwa nimeipanga.

Maneno yakaanza kuja, kwanza kumi, kisha sikuyahesabu tena. Sitaki kumdanganya msomaji kuwa yalitoka kiooni. Siku moja ya mapumziko baba yake alitupeleka kreta. Tulipita Lodoare, tukapanda msituni kwenye ukungu, tukateremka njia ya Seneto mpaka chini, yapata mita 600 kutoka ukingoni, kwenye lile bonde la kilomita za mraba 260 hivi. Mtoto alimtafuta twiga, na baba yake akamweleza kwamba kreta haina twiga. Kuta ni kali kwa miguu yake. Kwenye chemchemi ya Ngoitokitok viboko walikuwa wamelala majini, migongo ya kijivu imejipanga kama mawe.

"Kiboko yule," baba akasema.

Mtoto akatazama sana. "Siyo," akasema.

Miezi minne alikuwa amemwona kiboko kila jioni, na sasa kiboko alikuwa mbele yake naye hakumjua. Nilishikwa na huzuni isiyo na maana. Baba yake hakubishana naye. Yeye amekaa na wageni wa kila namna na anajua kusubiri. Akazima injini. Tulikaa. Upepo ulipita kwenye matete. Mwishoni mmoja wao aliinua kichwa, akafungua kinywa chote, kile kinywa ambacho hakuna mchoraji awezaye kukitia chumvi, akapiga miayo kisha akazama.

"Kiboko," mtoto akasema kwa sauti ndogo. Halafu: "Anataka kulala." Hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya maneno mawili, na aliisema akiwa amemshika baba yake kidole.

Masika yaliyofuata umeme ulikuwa ukikatika aghalabu jioni. Usiku mmoja ulikatika saa kumi na mbili na nusu kamili, kigoda kimekwisha kuvutwa. Nilikuwa jikoni nikingojea kilio. Nilimsikia mtoto akisema, "Bibi, washa." Bibi akacheka. Akaiweka taa ya sola sakafuni, akaanza hadithi ya sungura na fisi kwa Kiiraqw, si kwa haraka. Kila alipofika mahali pa kuuliza alinyamaza, na mtoto, aliyekwisha kuzoezwa kwamba kimya kama kile ni nafasi yake, alijibu.

Nilikuja mlangoni. Mtoto aliniona, akanyoosha mkono, akasema maneno ya Kiiraqw, mafupi, yakitoka kooni, safi kuliko yangu yalivyopata kuwa chuoni. Sikuyafahamu. Nikamtazama mama mkwe.

"Anakwambia ukae," akasema.