Nusu ya Bunduki

Kitu cha kwanza nilichojifunza kuhusu AR-15 ni kwamba, mbele ya sheria ya Marekani, nusu yake si bunduki. Bunduki ni kile kipande cha chini tu, chenye kifyatulio na tundu la kuingizia magazini, kwa sababu ndicho kilichochongwa namba. Kipande cha juu, chenye mtutu, ambamo risasi inalipuka na kutokea, ni spea. Unakiagiza mtandaoni vile unaagiza viatu, kinaletwa hadi mlangoni, na hakuna anayekuuliza jina la babako.

Wenyewe wanaviita apa na loa. Binamu yangu, ambaye miaka 9 ya Texas haijamnyang'anya Kiswahili, alicheka hadi akakohoa. Unaapa, halafu unaloa.

Yeye ndiye alikuwa ananunua. Anaendesha trela siku 5 kwa wiki, na siku 2 zilizobaki ni mfugaji: ekari 6 mashariki ya Dallas na mbuzi 22. Wakenya wa huko ni wengi na nyama ya mbuzi haikosi mnunuzi, so biashara ipo. Shida ni nguruwe mwitu. Usifikirie ngiri wa Nairobi National Park anayekimbia na mkia juu kama antena. Hawa ni vizazi vya nguruwe wa kufugwa waliotoroka, wakachanganyika na nguruwe pori wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya uwindaji. Wanakuja usiku kwa kundi, wanalima malisho kwa pua, na wakikuta mwanambuzi amezaliwa usiku huo, wanamla. Tangu 2019 Texas haidai hata leseni ya kuwawinda kwenye shamba la mtu, mradi mwenye shamba amekubali. Februari ile walimmalizia wanambuzi 3.

Loa alishanunua dukani. Alijaza fomu ya serikali, akaandika namba yake ya green card, akapigiwa ukaguzi, akapita. Hiyo yote kwa kipande cha alumini ambacho peke yake hakiwezi kumdhuru kuku. Ilibaki apa, na bajeti yake ilikuwa dola 450. Hiyo ni kama Sh58,000 za nyumbani. Wewe hesabu ni kodi ya miezi mingapi kwako.

"Kijana, wewe si ndio wa hesabu," akaniambia, akanipa laptopu.

Mimi ni mwanafunzi, niko hapa kwa viza ya masomo. Mtu wa viza kama yangu haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Kuna mlango mdogo, ukikata leseni ya kuwinda unaweza kuruhusiwa, lakini niliamua mapema kwamba sitaki kupitia mlango wowote ambao ukifungika vibaya upande wa pili ni hadi miaka 15 jela, halafu ndege ya JKIA. Kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kusoma na kujumlisha tu.

Kama umewahi kutumwa Grogan kununua spea za gari, tayari unajua nusu ya mambo haya. Kuna spea unaweza kununua ya bei ya chini na ulale usingizi, na kuna nyingine ukicheza nayo itakuacha Salgaa saa nane usiku. Kwenye apa, lile ganda lenyewe la alumini halina maneno. Viwanda vinavyolifua ni vichache, majina yanayogongwa juu yake ni mengi. Aliyelipa zaidi kwa ajili ya nembo amelipia nembo. Kishikio cha mbele kiwe chepesi na kisichome mkono, basi.

Usipobanie ni kwenye mtutu na bolti. Bolti ndiyo inafunga chemba wakati risasi inalipuka sentimita chache kutoka kwa shavu la binamu yako. Nilitafuta iliyokaguliwa kwa sumaku kuona kama ina ufa, na muuzaji awe ameandika hivyo waziwazi. Mtutu nao una mambo. Ukiandikwa 5.56 unakula risasi za 5.56 na za .223, ila ule wa .223 usiulishe 5.56, presha inazidi. Uliopakwa kromu ndani unavumilia kutu na joto lakini bei yake imepanda juu. Wa naitraidi ni wa bei ya kibinadamu na kwa mtu wa nguruwe 2 kwa mwezi unatosha kabisa. Chuma cha pua kinapendwa na wanaolenga shabaha za mbali. Binamu yangu analenga kitu chenye kilo 80 kilicho nyuma ya choo cha mbuzi.

Halafu kuna bomba la gesi. Sehemu ya gesi inayosukuma risasi hurudishwa nyuma kuisogeza bolti. Tundu likiwa karibu sana na chemba, gesi inarudi na hasira nyingi: bunduki inapiga teke zaidi na vyuma vinachoka haraka. Kwa mtutu wa inchi 16, bomba la urefu wa kati ni bora kuliko lile fupi, na mara nyingi tofauti ya bei ni ndogo. Hili nilimwambia mara 3 kwa sababu alikuwa anaangalia rangi.

Nikafungua jedwali. Apa ya kwanza ilikuwa dola 259, na binamu akapiga kofi mezani. Soma chini, nikamwambia. Haina bolti, haina mkono wa kukokea. Ni kama kuuziwa nyumba Kitengela halafu mlango unauziwa kando. Bolti dola 100, mkono dola 20, kila kimoja duka lake, nauli za vifurushi vitatu dola 27, kodi ya asilimia 8.25 juu ya yote: dola 439.50. Ya pili ilikuwa dola 399 ikiwa kamili, inchi 16, 5.56, naitraidi, bomba la kati. Na nauli ya dola 15 na kodi, dola 448.16. Tofauti ya dola 8 na senti, ambayo pale kwao hainunui hata sahani ya chakula.

Ningependa kusema tuliishia hapo. Lakini akateremsha ukurasa, akaona nyingine: dola 229, kila kitu ndani, bolti pia. Fupi, nyeusi, nzuri kwa macho kama zile za sinema. Nusu ya bei.

"Kijana, hii."

Mtutu wake ulikuwa inchi 10.5.

Sheria ya nchi yote inasema bunduki ya kitako cha begani isiwe na mtutu chini ya inchi 16, isipokuwa umeomba na kusajiliwa kwanza na serikali kuu. Ile loa yake ilikuwa na kitako. Angeinunua hiyo apa bila mtu kumzuia, posta ingemletea na tabasamu, na jioni hiyohiyo, kwa kusukuma pini 2 kwa kidole gumba, angekuwa ametenda kosa kubwa la jinai akiwa jikoni kwake amevaa sandali. Na huyu ni mtu aliyekuwa ametuma maombi ya uraia mwezi mmoja kabla. Kuna swali kwenye zile karatasi linalouliza kama umewahi kuvunja sheria hata kama hukushikwa.

Nilimgeuzia laptopu nikamsomea. Alinyamaza. Akauliza, "Sasa mbona wanaiuza?"

Kuna watu wanaoweza kuitumia kihalali, waliojisajili, na muuzaji halazimiki kujua wewe ni yupi. Hilo ndilo jibu. Lakini swali lake lilinikaa, kwa sababu mimi kila nikihama chumba nina siku 10 za kuripoti anwani mpya. Nina namba ya chuo, namba ya viza, namba ya mfumo unaofuatilia wanafunzi wa kigeni. Binamu ana namba ya green card na alama za vidole vyake vyote. Mtutu ule ungevuka majimbo manne ndani ya boksi la kadibodi bila namba hata moja. Sisi wawili ndio tulikuwa na namba.

Akanunua ya dola 399. Zikabaki dola 1 na senti 84.

Ilifika Jumanne. Jumamosi akaibandika kwenye loa, akapiga picha, akaituma kwa mamake Nakuru kabla sijamzuia. Anti aliishi Nakuru Januari 2008 na hadi leo fataki za mwaka mpya zikianza anazima taa. Akapiga simu hapo hapo.

"Baba, hiyo ni ya nini?"

"Ni ya nguruwe, mum."

"Nguruwe." Kimya. "Na huyo mwenzako ameishika?"

"Hapana anti," nikasema kutoka nyuma. "Mimi nimeshika ndoo." Na kweli nilikuwa nimeishika, ndoo ya mahindi yaliyochachishwa, kwa sababu nguruwe wanayapenda hadi wanasahau njia ya kurudi.

Risasi 40 zilienda kwenye kurekebisha darubini tu, pesa ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameiweka kwenye jedwali. Nilisimama kando ya gari, mikono mfukoni, vidude vya masikioni vimekaza. Wiki iliyofuata akaua mmoja, jike mkubwa, na wengine wakatokomea kwa siku 12. Kisha wakarudi, safari hii upande wa bwawa.

Anti bado hajamaliza. Kila Jumapili anauliza waya wa kuzungushia ekari 6 ni pesa ngapi, ule mzito, uliozikwa chini kidogo ili pua isiingie. Nimemtengenezea binamu jedwali lingine. Hajalifungua.